Harage na Kijiti: Utangulizi wa Jometri ya Kushikika

Kabla hujalala leo, loweka konzi moja ya maharagwe makavu. Kesho asubuhi yatakuwa yamefura na kulainika kiasi cha kudungwa kijiti bila kupasuka. Minji hufaa pia, na vidonge vya udongo wa mfinyanzi huwafaa zaidi wale waliokatazwa nyumbani kuchezea chakula. Tafuta na vijiti vya meno, au pasua mwanzi upate vijiti vyembamba vya urefu mmoja. Hivyo tu ndivyo vifaa vya somo hili.

Nimeandika utangulizi huu nikimwazia msomaji wa Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, katika nchi ya chai na kahawa. Huenda wewe ni mwalimu wa shule ya msingi, au mzazi, au msichana wa sekondari aliyekwisha kuamini kwamba jometri ni orodha ya fomula za kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Karibu. Hakuna unachopaswa kujua kabla ya kuanza, na hakuna swali litakalohesabiwa kuwa la kitoto. Ninachotaka kukuonyesha ni jambo ambalo vitabu vyetu hulipitia mbio: maumbo ni makaidi. Yapo yanayokubali kufanyiwa, na yapo yanayokataa katakata hata ukiyabembeleza vipi. Mwanahisabati ni mtu aliyekataliwa na umbo, kisha akakaa chini kuuliza sababu. Kwenye karatasi kukataliwa huko hakusikiki, kwa kuwa penseli huchora hata kisichowezekana. Vidole ndivyo vinavyokusikia.

Mchezo huu si mpya. Mjerumani Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1837 alianzisha kituo kilichozaa shule za chekechea tunazozijua, aliweka njegere na vijiti miongoni mwa kazi za mikono za watoto wake. Mmarekani Buckminster Fuller, aliyezaliwa mwaka 1895 na macho mabovu, alisimulia ukubwani kwamba alipopewa njegere na vijiti chekechea, wenzake walijenga visanduku kwa kufuata nyumba walizokuwa wakiziona kila siku. Yeye hakuziona vizuri. Alipapasa tu, akaendelea na kile ambacho vidole vilimwambia kuwa ni imara, na kazi yake ikatoka imejaa pembetatu. Fuller ndiye aliyekuja kusifika duniani kwa majengo ya kuba yaliyoungwa kwa pembetatu tupu.

Basi tuanze na kile alichokipapasa. Unga vijiti vinne kwa maharagwe manne upate mraba, yaani umbo la pande nne sawa na pembe nne sawa. Shika pembe mbili zinazokabiliana, usukume polepole. Mraba unalala upande. Vijiti vyote vina urefu ule ule, hakuna kilichovunjika, lakini pembe zimebadilika. Sasa unga vijiti vitatu kwa maharagwe matatu, usukume vivyo hivyo. Hakiendi kitu. Ili pembe moja ya pembetatu ipanuke, upande unaoikabili lazima urefuke, na kijiti hakirefuki. Urefu wa pande tatu unatosha kufunga pembe zote tatu. Urefu wa pande nne hautoshi.

Fundi wa geti analijua hili bila kuwahi kuliandika. Akishapigilia mbao nne za fremu, huongeza ubao wa tano kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Ubao huo huitwa mshazari, na kazi yake ni kuugeuza mstatili mmoja kuwa pembetatu mbili. Geti lisilo nao huanza kuburura ardhini kabla mvua mbili hazijapita. Ukiwa njiani, inua macho utazame kenchi za paa la kanisa, minara ya simu na minara ya chuma inayobeba nyaya za umeme mkubwa. Utaona pembetatu, na pembetatu nyingine juu yake, hadi kileleni.

Najua kuna msomaji anayenipinga sasa hivi: mraba wangu umesimama wima, tena umekaza! Inawezekana, hasa ikiwa uliuacha hadi mchana. Harage linapokauka hukibana kijiti, na mbano huo ni kazi ya gundi. Si kazi ya umbo. Katika somo hili tunauliza umbo lenyewe lingefanya nini kama kila kiungo kingekuwa huru kujikunja. Kwa hiyo jaribu maumbo yako yakiwa mabichi.

Tuinuke sasa kutoka mezani. Weka pembetatu chini, chomeka kijiti kimoja juu ya kila harage, kisha uviunganishe vijiti hivyo vitatu kwa harage moja la juu. Umepata tetrahedroni: umbo la nyuso nne, zote pembetatu. Tukubaliane hapa maneno matatu tutakayoyatumia hadi mwisho. Mahali lilipo harage ni kipeo. Kijiti ni ukingo. Eneo tambarare lililozungushiwa vijiti ni uso. Tetrahedroni ina vipeo 4, kingo 6 na nyuso 4, na ukiibonyeza kwenye kiganja haitikisiki.

Jenga na mchemraba, wenye vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6 za mraba. Bila shaka unajua yatakayoupata. Utainama, utajipinda, mwisho utalala. Swali la kuvutia ni hili: unahitaji kuongezewa vijiti vingapi ili usimame? Usikisie. Kuna hesabu yake, na Mskoti James Clerk Maxwell aliiandika mwaka 1864 kwa ajili ya watu wanaojenga fremu. Ili kueleza mahali lilipo harage moja hewani unahitaji namba tatu: liko mbele kiasi gani, kando kiasi gani, na juu kiasi gani. Maharagwe 8 yana basi namba 24 za kubadilika yatakavyo. Kila kijiti kinachounga maharagwe mawili huondoa uhuru mmoja, kwa kuwa umbali kati yao haubadiliki tena. Lakini hatutaki kuondoa uhuru wote. Umbo zima likiwa limekaza bado unaweza kulisogeza kwa njia tatu na kulizungusha kwa njia tatu, jumla 6, wala hilo si ulegevu. Kwa hiyo vijiti vinavyohitajika ni 24 ukitoa 6, yaani 18. Mchemraba una 12. Umepungukiwa na 6.

Irudie hesabu hiyo kwa tetrahedroni: mara tatu 4 ni 12, toa 6, inabaki 6. Vijiti vyake ni 6 kamili, hakizidi hata kimoja wala hakipungui. Ninakuonya tu kwamba hesabu hii inakuambia idadi ya chini na haikuambii mahali pa kuviweka. Ukivirundika vijiti vyote upande mmoja, upande mwingine utabaki ukiyumba.

Mchemraba una nyuso 6, na umepungukiwa na vijiti 6. Mpe kila uso mshazari wake. Mshazari ni mrefu kuliko ukingo kwa kiasi cha mara 1.414, kwa hiyo ukikata kingo za sentimita 5, mishazari iwe ya sentimita 7 na ushee. Anza na kipeo kimoja, peleka mishazari mitatu kwenye nyuso tatu zinazokutana hapo, halafu unga ncha zake za mbali kwa mishazari mitatu iliyobaki. Ukimaliza, ng'oa vijiti 12 vya mchemraba uone kilichosalia. Ni tetrahedroni, nzima, imesimama. Ilikuwa ndani ya sanduku tangu mwanzo, ikitumia vipeo 4 kati ya 8. Nimelifundisha jambo hili kwa miaka na bado linanifurahisha kuliko fomula yoyote ninayoijua.

Sasa ukaidi wa aina nyingine. Tuseme tunataka umbo ambalo nyuso zake zote ni sawa kabisa, pande za kila uso ni sawa, na kila kipeo kinafanana na kingine. Tuanze na nyuso za pembetatu. Kila pembe ya pembetatu yenye pande sawa ni nyuzi 60. (Uzi ni sehemu moja kati ya 360 za mzunguko kamili, shuleni huitwa pia digrii.) Ukikutanisha pembetatu tatu kwenye kipeo kimoja unapata tetrahedroni. Ukikutanisha nne unapata oktahedroni, umbo la nyuso 8, kama piramidi mbili zilizogandana kitako kwa kitako. Ukikutanisha tano unapata ikosahedroni, ya nyuso 20 na vipeo 12, ambayo mkononi tayari inakaribia kuwa mpira. Na sita? Mara sita 60 ni 360. Pembetatu sita hujaza mzunguko wote na kubaki bapa mezani. Hakuna nafasi ya kukunja, kwa hiyo hakuna umbo. Saba ndiyo kabisa haziingii bila kujikunja kama shuka.

Fanya vivyo hivyo kwa miraba. Mitatu kwa kila kipeo hutoa mchemraba, na minne hubaki bapa. Pembetano, yaani umbo la pande tano, ina pembe za nyuzi 108. Tatu hutoa 324, zikibakiza nafasi ndogo ya kukunjia, na matokeo yake ni dodekahedroni, ya nyuso 12 na vipeo 20. Nne zimezidi. Pembesita tatu hutimiza 360, na hapo mlango unafungwa. Maumbo ni matano tu. Wagiriki wa kale waliyajua, na hata leo hakuna maabara wala kompyuta itakayogundua la sita, kwa sababu umekwisha kuona mwenyewe lilikokataliwa.

Wafumaji wa vikapu nao hukutana na mpaka huo huo. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyeishi na kufundisha Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuchunguza hisabati iliyomo katika ufumaji wa Afrika. Alieleza kwamba mfumaji anayetumia matundu ya pembesita hupata ukuta bapa. Akitaka kikapu kipinde, hubadilisha tundu moja liwe la pembetano. Pembe inayokosekana hapo ndiyo inayouinua ukuta.

Ukiwa na maumbo yote matano mezani, hesabu vipeo, toa kingo, ongeza nyuso. Kila mara utapata 2. Leonhard Euler ndiye aliyelieleza jambo hili katika karne ya 18, na limezaa tawi zima la hisabati. Hapa ninalipita tu, ila litakusaidia kugundua kama umesahau kijiti.

Tunafika kwenye neno linalotisha wengi, nalo ni ulinganifu. Watoto huambiwa kwamba umbo lina ulinganifu likikunjwa katikati pande mbili zikaoana. Hilo ni kweli lakini ni robo ya hadithi. Cheza hivi na mwenzako. Weka mchemraba mezani, mwambie afumbe macho, halafu uuzungushe kwa namna yoyote na uurudishe pale pale. Akifumbua macho, je, anaweza kujua kwamba umeuzungusha? Kama hawezi, basi mzungusho ule ni ulinganifu mmoja wa mchemraba. Ulinganifu ni kitendo, na kwa kuwa ni kitendo unaweza kuhesabiwa.

Tuuhesabu. Mstari ambao umbo huzunguka juu yake huitwa mhimili. Chomeka mhimili katikati ya uso mmoja utokee katikati ya uso wa pili: unaweza kuzungusha robo, nusu, au robo tatu. Mihimili ya namna hiyo ni 3, hivyo mizungusho ni 9. Chomeka mwingine kutoka kipeo hadi kipeo kinachokikabili. Hapa mchemraba hujirudia kila theluthi ya mzunguko, jambo ambalo wengi hawaliamini hadi waushike kwa vidole viwili kwenye ncha na kuutazama kutoka juu. Mihimili hiyo ni 4, kila mmoja una mizungusho 2, jumla 8. Iko pia mihimili 6 inayopita katikati ya kingo, kila mmoja na mzungusho 1 wa nusu. Tisa, nane na sita ni 23. Ongeza kimoja, kile cha kuuacha mchemraba ulivyo, upate 24.

Utauliza kwa nini tunahesabu kutofanya kitu. Swali hilo ni zuri, na wanafunzi wa chuo kikuu huliuliza kwa sauti ya chini. Ukizungusha robo kwenda kulia na kisha robo kwenda kushoto, umefanya vitendo viwili na jumla yake ni kutofanya kitu. Tukitaka vitendo hivi vijumlishike bila pengo, lazima jumla hiyo iwe na nafasi yake, kama sufuri katika kujumlisha namba. Na kama unashuku hesabu yangu, ihakiki kwa njia nyingine: uso wowote kati ya 6 unaweza kukaa chini, na ukishakaa unaweza kuelekezwa kwa njia 4. Sita mara nne ni 24.

Tetrahedroni ina mizungusho 12. Oktahedroni ina 24, sawa na mchemraba, wala si kwa bahati. Weka harage katikati ya kila uso wa mchemraba, uyaunge yale ya nyuso jirani, na oktahedroni itatokea. Kitendo kinachorudisha mmoja mahali pake humrudisha na mwenzake. Ikosahedroni na dodekahedroni zina undugu huo huo, na zote mbili zina mizungusho 60.

Hapa ndipo ninapotaka kukujulisha kifaa ambacho hukioni katika duka la Kibugu. Kinaitwa Zometool. Chimbuko lake ni kazi ya Mmarekani Steve Baer, aliyekuwa akijenga nyumba za kuba miaka ya 1960, na tufe la plastiki linalotumika leo lilitoka mwaka 1992. Ni mipira na vijiti, kama maharagwe yetu, ila mpira una matundu 62 yenye maumbo matatu: pembetano 12, pembetatu 20 na mistatili 30. Kila tundu hupokea kijiti cha umbo lake tu: chekundu kwenye pembetano, cha njano kwenye pembetatu, cha bluu kwenye mstatili. Matundu hukaa mawili mawili yakikabiliana, kwa hiyo ni mihimili 6, 10 na 15. Mhimili wa pembetano una mizungusho 4, wa pembetatu 2, wa mstatili 1. Jumlisha: 24, na 20, na 15, na kile kimoja cha kutofanya kitu. Ni 60. Mpira wenyewe ni ulinganifu wa ikosahedroni uliotobolewa matundu.

Vijiti vya rangi moja huja kwa urefu kadhaa, kila mmoja ukiwa mara 1.618 hivi ya ule ulio chini yake. Namba hiyo huitwa uwiano wa dhahabu. Unaweza kuipata bila Zometool: chora pembetano yenye pande sawa, pima mshazari wake, ugawanye kwa upande. Ndiyo maana mtu aliyejenga dodekahedroni kwa vijiti vya bluu vifupi anaweza kuchukua vijiti vya bluu vya urefu unaofuata na kuweka mshazari mmoja katika kila uso. Nyuso ni 12, na kingo za mchemraba ni 12. Akiichagua mishazari hiyo vizuri, mchemraba kamili unatokea ndani. Namna za kuichagua ni tano.

Ulinganifu wa tano, ule wa mhimili wa pembetano, una hadithi yake pia. Mpangilio wa chembe unaojirudia pande zote hauwezi kuwa na mhimili wa namna hiyo, na wataalamu wa fuwele, yaani yabisi ambazo chembe zake zimepangika kwa utaratibu, waliamini kwa muda mrefu kwamba katazo hilo linazihusu fuwele zote. Mwaka 1982 Dan Shechtman aliona alama za ulinganifu huo katika mchanganyiko wa aluminiamu na manganizi. Wengi walimbeza. Ilibainika kwamba katazo lilikuwa sahihi kwa mpangilio unaojirudia, na kwamba chembe zinaweza kupangika vizuri bila kujirudia. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2011.

Nimekusifia mpira wa plastiki, lakini kwa anayeanza ninaliona harage kuwa mwalimu bora, mradi ujue lina kasoro moja. Harage hukubali kila kitu. Chukua tetrahedroni tano uzipange kuzunguka kijiti kimoja zinachokichangia zote. Kwa maharagwe mabichi zitafunga mduara bila shida. Aristotle naye aliandika kwamba tetrahedroni zinaweza kujaza nafasi bila kuacha pengo. Lakini pembe kati ya nyuso mbili za tetrahedroni ni nyuzi 70.53, na mara tano hiyo ni 352.65 hivi. Zinapungua zaidi ya nyuzi 7. Harage lilijikunja likakuficha. Zitengeneze upya kwa kadibodi na gundi, na pengo utaliona.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza peke yako iwe hii. Jenga ikosahedroni kwa vijiti 30 vya sentimita 10. Kwa hesabu ya Maxwell, maharagwe 12 yanahitaji 36 ukitoa 6, yaani 30, basi itasimama. Kisha weka harage la kumi na tatu katikati na uliunge na vipeo vyote 12. Harage moja zaidi linahitaji vijiti vitatu tu ili litulie. Wewe umeweka 12, na vile tisa vya ziada havina uhuru wa kuchagua urefu wao. Ukivikata sentimita 10, vitaisukuma ikosahedroni kutoka ndani hadi kingo zichomoke au harage lipasuke. Vikate sentimita 9.5. Kwenye Zometool, kijiti chekundu kina urefu wa mara 0.951 wa kile cha bluu cha daraja lake, na sasa unajua kinakwenda wapi.